Siku Nne za Harusi Lubumbashi

Tuliondoka Kolwezi alfajiri ya Alhamisi, ingawa binti ya yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, alikuwa anafunga ndoa kanisani Jumamosi. Yaya alikuwa amenipigia simu mara mbili kunisihi: "Mdogo wangu, usije tena kama mgeni wa ukumbini. Njoo mapema, uuone mji ambamo mtoto wetu atajenga nyumba yake." Nilikuwa nimehudhuria harusi tatu Lubumbashi kabla ya hiyo, na kila mara nilifika jioni ya sherehe, nikala, nikacheza, kisha nikapanda basi la kurudi bila kuuona mji. Safari hii nilimtii.

Njia ni ya kilomita zipatazo 300, kupitia Fungurume na Likasi, na malori ya shaba ndiyo yanayoamua mwendo wa magari mengine yote. Asiyetaka kuvaa kitenge cha sare akiwa bado ndani ya basi asisafiri siku ya sherehe yenyewe, kwa maana lori moja likikwama mahali pembamba, saa mbili au tatu zinapotea. Yaya alikuwa ametutafutia nyumba ya wageni karibu na ukumbi, wala si katikati ya mji, na nauona uamuzi huo kuwa wa busara sana: saa nane za usiku, gari la kukodi halipatikani kwa urahisi, na mzee aliyechoka hapaswi kutembea gizani kulitafuta.

Ilikuwa mwisho wa Juni. Wageni wa upande wa bwana harusi walitoka Kinshasa kwa ndege, wakatua kwenye uwanja wa ndege wa Luano wakiwa wamevaa mashati mepesi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba Lubumbashi iko kwenye uwanda wa juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwamba usiku wa kiangazi joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mjomba wa bwana harusi alitetemeka hadi nikamwazima koti langu. Saa yake ya mkononi nayo ilikuwa bado inafuata Kinshasa, ambako wako nyuma yetu kwa saa moja, na kama yaya hangepeleka kijana kumwamsha Ijumaa asubuhi, angefika kwenye ofisi ya komini, yaani ya serikali ya mtaa, ambako ndoa ya kiserikali ilifungwa, baada ya sahihi kutiwa. Anayewaalika watu wa magharibi ya nchi awaandikie mambo hayo mawili kwenye kadi yenyewe, koti na saa, kabla ya kuwaandikia rangi ya nguo.

Pale komini, ofisa aliuliza mbele ya watu wote kama familia ya binti imepokea mahari, kwa sababu Sheria ya Familia ya 1987 inayahesabu mahari kuwa sehemu ya ndoa. Shemeji yangu akajibu kwamba wameyapokea, na akina mama wakapiga vigelegele. Swali hilo lilinibaki moyoni, na mchana, tulipowapeleka wageni kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, lilipata jibu ambalo sikulitarajia. Humo mna misalaba midogo ya shaba, ile ambayo mababu wa Katanga waliyeyusha na kuimimina katika kalibu karne nyingi kabla ya kampuni yoyote ya madini kufika. Misalaba hiyo ilikuwa fedha, ilizikwa pamoja na wafu katika bonde la Upemba, na iliwahi pia kutolewa kama mahari. Mjomba alisimama mbele ya kioo muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha polepole: "Baba, ingekuwa zamani, tungewaletea misalaba mingapi?" Sikuwa na hesabu ya kumpa, lakini nilijua kwamba tangu dakika ile hakuwa tena mgeni tu. Mtu mwenye nusu siku moja tu mjini aitumie humo.

Kuhusu Jumamosi nitasema machache. Ibada ilifanyika katika Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, ikafuatwa na picha, halafu ukumbini. Kadi ilisema saa moja za jioni. Maharusi waliingia saa tatu na nusu. Kula kidogo kabla ya kutoka nyumbani si utovu wa adabu. Zawadi ya bahasha ni afadhali iwe na noti za dola zisizo na mpasuko hata kidogo, kwa maana noti iliyochanika kwenye ukingo hukataliwa karibu kila mahali. Yangu moja ilikataliwa dukani asubuhi ile, na nikashukuru kwamba haikuwa ndani ya bahasha ya maharusi.

Jumapili ndiyo siku ambayo wageni wengi huipoteza kwa usingizi. Sisi tulikwenda Kamalondo, tukaupita uwanja wa TP Mazembe, klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara tano, kisha tukakaa kwenye viti vya plastiki kula michopo: nyama ya mbuzi iliyochomwa, ikakatwakatwa na kufungwa kwenye karatasi pamoja na vitunguu na pilipili. Bukari, ugali wetu, ililetwa ikiwa bado ya moto. Tulipokuwa tunanawa mikono, yaya aliwaonyesha wageni bomba la moshi la kiwanda cha Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, lenye urefu wa mita 153, na kando yake kilima cheusi cha mabaki ya shaba iliyoyeyushwa; akawaeleza kwamba baba yetu alifanya kazi chini ya moshi ule hadi alipostaafu, na kwamba mahari yake mwenyewe, alipoolewa, yalinunuliwa kwa mshahara wa kiwanda kile kile, kwani mumewe naye alikuwa mfanyakazi wa humo. Hata mimi sikuwa nimewahi kulisikia jambo hilo la mwisho.

Jumatatu asubuhi yaya alinifungia bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, za kula njiani. Mjomba alikuja kunirudishia koti, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi jina la ile njia ya michopo, kwa sababu ndege yake ilikuwa ya saa kumi alasiri na bado alikuwa na muda wa kurudi Kamalondo.