Samoni juu ya ubao wa mwembe, na wali wa tui

Marekani hutumia ubao wa mwerezi. Hapa Kisumu mimi nilimwendea seremala, nikamwomba mwembe: urefu sentimita 35, upana 15, unene 2, upigwe randa tu, bila vanishi. Uliza kama mbao imetiwa dawa ya mchwa. Kama jibu halieleweki, acha. Kabla ya hapo nilijaribu saipresi, utomvu wake ukamfanya samaki awe mchungu. Ubao mwembamba nao hupinda na kuungua katikati kabla samaki hajaiva.

Ubao nauzamisha majini kwa muda wa saa mbili, nimeukandamiza kwa jiwe maana huelea. Unatakiwa ufuke moshi, usiwake. Huo ndio ujanja wote, na ndio unaowashinda wengi.

Samoni huku huja akiwa barafu. Mnofu wa gramu 700 nauacha kwenye friji usiku kucha, uyeyuke taratibu. Napapasa kwa kidole kutafuta miiba, kisha naing'oa kwa koleo ndogo nikivuta kuelekea upande wa kichwa. Ukivuta kinyume nyama hupasuka. Napaka chumvi kijiko kimoja cha chai, nasubiri dakika 20, nafuta maji kwa kitambaa safi. Ukiruka chumvi, utaona ute mweupe umejaa juu ya samaki: ni protini inayosukumwa nje moto ukiwa mkali. Chumvi huupunguza, ingawa haiumalizi.

Juu napaka mchanganyiko wa sukari nguru iliyokwaruzwa vijiko viwili vikubwa, tangawizi ya kusaga kijiko cha chai, pilipili manga, na ganda la limau moja lililokunwa. Juisi ya limau naiweka mezani; ukiimwaga mapema nyama huanza kuwa nyeupe na kukauka.

Makaa yasubiriwe mpaka yavae majivu, ndipo wavu uwekwe. Ubao mtupu hutangulia dakika tatu. Ukisikia unalia ta-ta-ta na moshi mwembamba unapanda, ugeuze, mlaze samaki upande ulioanza kufuka, ngozi chini, ufunike kwa sufuria kubwa iliyopinduliwa. Mnofu wa sentimita 3 hukaa dakika 20 hivi. Usifunue kila mara: hewa ikiingia, kingo za ubao huwaka. Mimi huwa na chupa ya maji yenye tundu kwenye kizibo, nanyunyizia kingo tu, si makaa, la sivyo majivu yanamrukia samaki. Ameiva nyama ikiachana kwa uma, bado ina unyevu. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 63 katikati.

Bei ya samoni ikikukataa, mbuta (sangara) anafaa. Hana mafuta mengi kama samoni, kwa hiyo mpake kijiko kikubwa cha mafuta na umwangalie kuanzia dakika ya 15.

Wali nauanza ubao ukiwa bado majini. Vikombe 2 vya mchele wa Ahero naosha mpaka maji yaangaze, naloweka dakika 20, nachuja. Nakaanga kitunguu kimoja, iliki tatu zilizopondwa na nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba, kisha natia tui zito kikombe 1, maji vikombe 2 na chumvi. Vikichemka natia mchele. Maji yakikaribia kukauka nafunika, napunguza moto na kupalia makaa machache juu ya kifuniko, dakika 12. Pishori ikiwa ndiyo uliyo nayo, toa nusu kikombe cha maji. Aliye Nakuru aongeze dakika chache, kwani kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Dania na ganda la limau huingia wali ukishatoka motoni; vikipikwa harufu hupotea.

Ubao naukwangua kwa kisu bila sabuni, nautumia mara ya pili. Ukishaungua nusu ya unene, nauvunja vipande vya kufukizia ngege (tilapia).