Mtungi, mwani na maji ya mchele: siku moja shambani kwangu Jambiani, Unguja

Saa 11 alfajiri nimeshasali, giza bado halijaondoka, na mimi niko kwenye tuta la matembele na kisu na pakacha. Majani ya kuchachusha, nipate maji ya kunyunyizia mazao yangu, huchumwa kabla jua halijayagusa. Nachuma ncha tu, zile laini zinazotambaa mpaka asubuhi unaziona zimeshasogea, nachanganya na ncha za maboga. Siyaoshi. Vijidudu vilivyolala juu ya jani ndivyo vitakavyofanya kazi mtungini, ukiyaosha umewafukuza vibarua wako.

Barazani nakatakata na kupima: kilo 2 za majani, kilo 2 za sukari guru, sawa kwa sawa. Guru huyavuta maji ya jani yatoke nje, na utamu ule mwingi huvizuia vijidudu vya uozo visitangulie. Njia hii tuliipata kwenye mafunzo ya wakulima, na asili yake ni Korea Kusini, kwa mzee Cho Han-kyu, aliyeanzisha kilimo cha asili cha huko. Wao wanachachusha magugu ya kwao ya nchi ya baridi. Sisi tuna matembele na maboga, na sijaona tulichopungukiwa. Nashindilia mtungini, naacha theluthi ya juu wazi, nafunga mdomo kwa kipande cha kanga kuukuu. Kifuniko cha kukaza sitii, kwa sababu gesi ikikosa pa kupitia chombo kinapasuka. Kwa joto letu ni siku 5 hadi 7, kisha nachuja.

Saa 1 ni zamu ya kufunua vyombo na kunusa. Kwangu hii ndiyo kazi kubwa ya siku, ingawa haichukui hata robo saa. Mtungi wa wiki iliyopita unanukia nanasi lililoiva kupita kiasi, na povu jeupe limepanda pembeni. Huo uko tayari. Pipa la samaki lina miezi 4 sasa. Baba watoto akirudi bahari huniletea matumbo, mashavu na vichwa, nami navizika kwenye guru kwa uzito ule ule. Harufu yake ni kali, ya ng'onda na sukari iliyoungua, lakini haikukimbizi. Nikiushika mwiba wa changu kwa vidole viwili unavunjika kama biskuti.

Kuchacha na kuoza ni vitu viwili, na aliyekulia jikoni Unguja anavitofautisha kwa pua, kama anavyojua unga wa mkate wa kumimina uliochachuka vizuri na ule ulioharibika. Nayasema haya kwa uchungu. Mwaka juzi guru ilipanda bei, nikatia nusu ya kipimo kwenye pipa la samaki. Siku ya nne funza walikuwa wanapanda ukingoni. Bibi jirani alivumilia, halafu akaja mlangoni akaniambia taratibu, "Mwanangu, hicho kizike." Nikachimba shimo kwenye mgomba wa mwisho kabisa, nikazika kilo 20 za samaki pamoja na guru yote. Tangu siku hiyo nikiwa na guru ya kilo 3, samaki ni kilo 3, waliobaki nawafukia mbichi chini ya migomba.

Saa 2, jua halijawa kali, napulizia mimea majanini. Kijiko 1 cha chai cha maji ya matembele kwenye lita 5 za maji, yaani sehemu 1 kwa 1,000. Maji ya samaki vile vile, ila hayo namwagia shinani tu. Saladi na mchicha naacha kuvitia chochote wiki 2 kabla ya kuvuna, maana kuna watu wataila saladi ile mbichi, na mimi ndiye ninayeipeleka hotelini kwa mkono wangu.

Saa 4 maji yametoka. Ni bamvua, bahari imekwenda mbali mpaka kina mama mashambani mwao wanaonekana kama vijiti. Mama yangu yuko huko. Kilimo cha mwani kilipoanza Paje na hapa kwetu mwaka 1989 yeye alikuwa bado msichana, na mpaka leo anafunga mbegu kwenye kamba bila kuangalia vidole. Mimi sigusi mwani wa mtu. Naokota ule uliokatika ukatupwa na mawimbi ufukweni, unaoishia kuoza na kuwakera wageni. Leo nimepata mapakacha 4.

"Umeuosha ule wa juzi?" Mama ananiuliza tukipanda.

"Nimeuosha mara tatu, Mama."

"Onja."

Nikifika nyumbani naonja kweli, naweka kipande ulimini. Chumvi bado ipo kwa mbali. Naurudisha kwenye chanja, naumwagia tena maji ya bomba, kwa sababu kisima chetu nacho kina chumvi. Chumvi ikishaisha kabisa, unaingia kwenye lundo la mboji pamoja na samadi ya ng'ombe, majani makavu na makumbi yaliyolala mvua mbili.

Lundo hilo ndilo shamba langu. Watu wakija wanataka kuona mapipa, wanapiga picha mapipa, lakini kijiko kimoja kwenye lita 5 hakiwezi kuulisha mtungule (mnyanya) mpaka uzae. Kinachoustawisha mmea ni mboji, ndoo kwa ndoo, hasa huku maweni ambako udongo ni vishimo tu katikati ya mawe, na mwingine nimeubeba kichwani. Maji ya mtungini yanauchangamsha udongo wenye kitu ndani yake. Udongo mtupu ukiumwagia utabaki vile vile mtupu.

Mchana nasali, tunakula muhogo na mchuzi wa pweza, nalala kidogo.

Saa 9 kaka yangu ananipigia kutoka Pemba, ana shamba upande wa Wete. "Dada, nipe kipimo chako cha majivu." Namwambia sina. Yeye ana udongo mwekundu wa mlimani, mvua za masika zimeusuuza miaka na miaka, umekuwa mchachu. Majivu ya kuni na maganda ya mayai yaliyosagwa yatamfaa, kidogo kidogo. Mimi nakaa juu ya jiwe la matumbawe, ambalo lenyewe ni chokaa. Msimu wangu wa kwanza nilitia majivu kila tuta kwa kuwa nilimwona mtu kwenye video akifanya hivyo. Tungule zikatoa majani machanga ya manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Chuma kimo udongoni, lakini chokaa ikizidi mzizi haukipati. Nilimwagia maji ya matembele nikidhani ni njaa, hayakusaidia. Kilichozirudisha ni mboji, na ilichukua msimu mzima. Namwambia kaka anitumie picha ya udongo wake ulioloa kiganjani kabla hajatia hata konzi moja. Ananitumia mara mbili, ya kwanza ina giza.

Saa 11 jioni namwagilia, kimya kimya, kata kwa kata.

Saa 12 binti yangu anaosha mchele. "Yale ya kwanza usimwage," namwambia, naye ameshayakinga bakulini kabla sijamaliza. Yamekuwa meupe kama tui jepesi. Nayafunika kwa kitambaa, nayaweka nyuma ya mtungi wa maji pasipo jua. Baada ya siku 2 au 3 yatanukia uchachu mwepesi, nami nitayatia kwenye maziwa, sehemu 1 kwa 10. Mgando utapanda juu tuwape kuku, na maji ya manjano ya chini nitayahifadhi na guru kwa ajili ya shamba. Jana tulisahau tukayamwaga, kwa hivyo leo ndiyo siku ya kwanza. Naandika tarehe kwenye kipande cha karatasi, binti yangu anakibandika kwa uji wa muhogo.