Nyuma ya Mgongo wa Ngongoti

Nilimfahamu mwenzangu kwa kisogo kuliko kwa uso. Katika badminton ya wawili wawili, anayepiga sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, husimama mbele, karibu na wavu, na pacha wake hukaa nyuma yake akisubiri kitakachorudi. Kwa miaka tuliyocheza pamoja nilizoea kuyasoma mabega yake. Yakipanda, sevu itakuwa na woga ndani yake. Yakilegea, tuko salama. Wenzetu walimwita Ngongoti kwa urefu wake, naye akalipokea jina bila kinyongo. Mimi mfupi sikubandikwa jina lolote, labda kwa kuonewa huruma.

Mechi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya raundi ya kwanza tu, asubuhi, ukumbi ukiwa nusu mtupu. Mwaka ni 2018. Tangu Machi mwaka huo mashindano makubwa ya kimataifa yalikuwa yameanza kujaribu sheria mpya ya sevu: kinyoya chote, yaani kile tunachokipiga badala ya mpira, kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni pale raketi inapokigusa. Kabla ya hapo kipimo kilikuwa mwili wa mchezaji mwenyewe, yaani ubavu wa chini kabisa, na mwamuzi alikadiria kwa macho. Kwa mtu wa kimo changu, sheria ile ilikuwa ni kuongezewa sentimita nisizoziomba. Ngongoti yeye alipunguziwa. Sevu aliyokuwa nayo tangu anajifunza mchezo, ile iliyotoka chini tu ya mbavu zake na kuambaa juu ya utepe wa wavu, sasa ilikuwa kosa.

Mazoezini tuliambiwa atazoea. Kocha alifunga kamba kati ya fimbo mbili kwa kimo hicho, na Ngongoti akashinda hapo akipiga sevu moja baada ya nyingine. Kamba lakini haina macho wala haitamki faulo.

Na ushindi tuliuhitaji kweli. Kwenye orodha ya ubora, pointi za wawili ni za jozi, si za mtu mmoja mmoja. Huhesabiwa matokeo kumi bora ndani ya wiki 52, na matokeo yetu mazuri ya mwaka uliotangulia yalikuwa yanakaribia kufutika. Tukishuka zaidi tungeanza kuchezea raundi za mchujo. Watu walishaanza kunong'ona kwamba tugawanywe, kila mmoja atafutiwe pacha mwingine. Ushauri huo si wa kipuuzi. Mwindonesia Hendra Setiawan alichukua dhahabu ya Olimpiki 2008 akiwa na Markis Kido, akaja kuwa bingwa wa dunia 2013, 2015 na 2019 akiwa na Mohammad Ahsan. Ila watu husahau kwamba huyo ni Hendra Setiawan.

Tulipoingia uwanjani tukakuta kifaa kimeshawekwa. Mwamuzi wa sevu alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi karibu na nguzo ya wavu, na mbele yake vibao viwili vya kuonea, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja na mstari wake. Akiilinganisha mistari miwili machoni, hiyo ndiyo mita 1.15. Nilimwona Ngongoti akikitazama kile kifaa wakati tunapasha misuli moto. Hakusema neno.

Sevu yake ya kwanza tu, faulo. Pointi kwa wapinzani, na sevu pia kwao. Hapo ndipo ubaya wa mchezo wetu ulipo, maana huwezi kumficha mwenzako. Sevu ikirudi upande wenu, zamu ni ya mmoja. Ikipotea ikarudi tena, ni ya yule mwingine, upende usipende. Kwa hiyo nilipiga zangu vizuri, kisha nikasimama nyuma yake nikiyaangalia mabega yanapanda hadi kukaribia masikio. Faulo tena. Kuomba marudio ya kamera hakuna, kwani rufaa ni ya mistari tu, si ya urefu wa sevu. Kocha wetu, mtu wa enzi za zamani, alikuwa akitukumbusha kila mara kwamba kabla ya 2006 ukikosea sevu hukupoteza pointi, ulipoteza zamu tu, na mara nyingi ilimwendea mwenzako. Siku ile niliitamani sana hiyo zamani.

Seti ya kwanza ilituponyoka kwa tofauti ndogo, na tofauti yenyewe zilikuwa faulo zile zile. Katika zile dakika mbili za mapumziko kocha alimwambia akunje magoti kidogo na kukishusha kinyoya hadi karibu na paja. Ngongoti akaitikia, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyeagizwa ajifupishe.

Faulo zikakoma, yakaja mengine. Wavu una mita 1.55 nguzoni na 1.524 katikati. Kinyoya kikianzia chini sana lazima kipande kwa mwinamo mkali ili kivuke, na kikishavuka huendelea kupanda kidogo. Huo kidogo ndio chakula cha mpokeaji. Jamaa wa upande wa pili, mwenye miguu myepesi, alikuwa anasimama ncha za viatu zikikaribia kugusa mstari wa sevu fupi, raketi juu, na kila kinyoya kilipochomoza alikirukia na kukikandamiza. Mimi nyuma nilikuwa naokota tu. Vingine vilinipiga kifuani kabla sijauinua mkono.

Tukiwa nyuma katikati ya seti ya pili, Ngongoti akafanya jambo alilokuwa akilikwepa msimu mzima. Kabla ya sevu alirudisha mkono wa kushoto mgongoni, kinyoya kikiwa katikati ya vidole viwili, akanionyesha kidole gumba kikielekea juu. Kwa lugha yetu maana yake ilikuwa sevu ndefu. Sevu hiyo katika wawili wawili ni kamari, kwa sababu mstari wa nyuma wa kupokelea umesogezwa ndani kwa sentimita 76, na ukizidisha nguvu kidogo imetoka. Akajikunja kama kawaida, mkono ukaanza taratibu ule ule, halafu kiganja kikafyatuka mwishoni kabisa. Jamaa alikuwa ameshatupa uzito wote mbele. Akajipinda kurudi, akakigusa kwa ncha ya raketi, kinyoya kikarudi kizembe katikati ya uwanja. Nilikuwa nakingoja. Sikumbuki smashi nyingi nilizopiga maishani, ila ile naikumbuka hadi mlio wake.

Akairudia, si kila mara, bali kila aliponusa kwamba jamaa anataka kuruka. Baada ya muda nikaona nilichokuwa nakisubiri: mpokeaji amesogea nyuma. Kiasi cha nusu hatua tu, mtu wa jukwaani asingeona. Nusu hatua hiyo ndiyo iliyoirudishia uhai sevu fupi, kwa kuwa sasa jamaa alikifikia kinyoya kikiwa kimeshaanza kushuka chini ya utepe, na akilazimika kukiinua, kinakuja kwangu. Nikitazama mabega ya mwenzangu, yamelegea.

Seti ya pili tukaichukua. Ya tatu tulibadilisha pande tukiongoza 11 kwa 8, na wakati tunapishana kwenye nguzo Ngongoti akaniuliza, "Kaka, leo mgongo wangu unakuambia nini?" Nikamwambia atulie apige sevu. Hatukuachia tena.

Kesho yake tulikutana na jozi iliyotuzidi kwa kila kitu, tukafungwa seti mbili mfululizo, na wala hatukunung'unika. Pointi za ushindi wa jana yake zilitosha kutubakiza kwenye droo kuu za mashindano yaliyofuata. Habari za kutugawa hazikusikika tena mpaka msimu wa baadaye, na safari hiyo sababu ilikuwa goti langu, si sevu yake.