Sumaku, waya wa shaba na mjomba wangu

Mjomba hawezi kukaa ndani ya gari linalorudi nyuma. Juzi tulichukua bajaji kutoka sokoni kwenda kwake Nkuhungu, hapa Dodoma. Dereva akakosea njia, akarudi kinyumenyume kidogo ili ageuze. Kabla hata sijageuka kumtazama, mjomba alikuwa ameshashuka. Nikamkuta amesimama kando ya barabara, amekumbatia kiroba cha unga, jasho linamtiririka, na ilikuwa asubuhi ya baridi ya Julai.

Alikuwamo kwenye treni ya Igandu. Kwa mliozaliwa baadaye: tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima huko ilishindwa kusonga, ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Mjomba alitoka na paja lililovunjika, likaungwa kwa chuma, akatembea tena. Usingizi ndio haujarudi. Mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kuja Dodoma, wanawe walimkatia tiketi kwa furaha. Tiketi hiyo bado imo ndani ya Biblia yake.

Kwa miaka mingi ndugu walisema ana pepo. Wengine walimwambia "wewe wa Mirembe", na mtu wa hapa anajua neno hilo linavyochoma. Inaniuma kwamba jina la hospitali ya magonjwa ya akili inayotibu watu tumeligeuza tusi, kwa sababu ndilo lililomfanya mjomba aogope daktari miaka yote hiyo. Mwaka huu ndipo alipokubali kwenda kuonana na mtaalamu wa ushauri, kila Alhamisi.

Sasa mwanawe mkubwa amesikia kuna mashine ya sumaku inayowekwa kichwani, inatibu kiwewe, na ipo nje ya nchi. Anataka liuzwe shamba la zabibu la Mpunguzi, baba asafiri. Mjomba akaniita. "Mpwa wangu, wewe unafundisha fizikia. Hiyo si ndiyo ile ya kupigwa shoti?"

Sikumjibu kwa maneno. Jioni nilirudi na vifaa vya kidato cha nne: koili ambayo wanafunzi wangu waliisokota kwa waya wa shaba kwenye kibomba cha karatasi ya chooni, galvanometa, yaani kipimo chenye sindano inayoonyesha umeme ukipita, na sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Nikamwambia aisogeze sumaku karibu na koili. Sindano ikaruka. Akaitoa, sindano ikaruka upande wa pili. Akaiacha itulie pale pale, sindano ikarudi sifuri. Akarudia mara nyingi, kimya, ameinamisha kichwa kama anayetega sikio.

Hiyo ni kazi ya Michael Faraday ya mwaka 1831: sumaku ikibadilika, umeme unazaliwa kwenye waya ulio karibu. Mwaka 1985, pale Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha mkondo mkali kwa muda usiofika sekunde moja ya elfu, na mkono wa mtu yule ukashtuka wenyewe. Fuvu haliizuii sumaku, kwa hiyo kijiumeme kidogo kilizaliwa ndani, kwenye ubongo. Mpaka leo daktari hupima nguvu inayomfaa mgonjwa kwa kuangalia kidole gumba kinaanza kucheza lini.

Si shoti, mjomba. Shoti ya hospitali, ile ya kupitisha umeme kichwani, mgonjwa hulazwa usingizi, na ina wagonjwa wake inaowafaa. Hii unakaa kitini macho, masikio yamezibwa kwa sababu mashine inagonga kama mtu anayepiga ubao kwa fimbo. Kwa kawaida ni siku tano kwa wiki, wiki nne hadi sita. Kichwa chaweza kuuma, ngozi ya kichwa pia. Mara chache sana mtu hupata degedege, ndiyo maana mwenye kifafa lazima aseme mapema.

Kuhusu kuuza shamba, nilimwambia bila kuzunguka: usiuze. Kengele ya woga iko kina kirefu ndani ya ubongo, na sumaku hizi hufika sentimita mbili tatu tu. Zinalenga sehemu ya mbele, juu ya paji, inayosaidia kuutuliza woga huo. Wapo waliopata nafuu. Lakini Marekani, walioiruhusu kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, tangu 2008, bado hawajaiidhinisha kwa kiwewe, na mwongozo wa mwaka 2023 wa madaktari wanaotibu askari wao unasema ushahidi hautoshi kuipendekeza wala kuikataza. Walichotanguliza ni tiba ya mazungumzo, ya kulisimulia tukio lenyewe mbele ya mtaalamu. Yaani ile ile ya Alhamisi, ambayo haidai shamba.

Mwanawe hakupenda. Namwelewa, amekua akimsikia baba yake akipiga kelele usiku, na mtu wa namna hiyo hawezi kukaa bure akisubiri.

Mjomba akauliza swali moja. Alikuwa ameweka kiganja kwenye paja. "Na hiki chuma, kingevutwa?" Nikamweleza kwamba kinachokatazwa hasa ni chuma kilicho kichwani au karibu yake, kwa sababu nguvu ya koili hufifia haraka ukiondoka hapo. Cha pajani kisingekuwa na neno, ila angepaswa kuwaambia.

Akaichukua tena sumaku, akaiweka kando ya koili, akaiangalia sindano ikitulia. Halafu akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia: kwa mtaalamu wake amefika mahali treni iliposimama mlimani, watu wakawa wanachungulia madirishani. Alhamisi hii ndiyo ya kuendelea. Akaniomba nimsindikize, twende kwa miguu.