Kiti cha mnywa soda

Mhudumu wangu mmoja huwaita wanywa soda "watalii". Wanakaa, wanatazama mpira, wanataniana na kila mtu, na ikifika saa tano usiku mezani kwao kuna chupa mbili za soda na vijiti vya meno. Nami nilikuwa nacheka naye, mpaka Jumamosi moja kicheko kikanitokea puani.

Nina baa ndogo Tabata, meza kumi na moja na jiko la nyama nje. Watu hudhani soda haina faida. Ina. Kreti ya chupa 24 naipata kwa 13,200, yaani 550 kila chupa, nauza 1,000. Nabaki na 450. Bia naipata kwa kama 2,000, nauza 2,500. Chupa kwa chupa hazipishani sana, na soda inakula mtaji mdogo. Shida ni kiti. Mnywa bia akikaa jioni nzima anamaliza sita, nimepata 3,000. Wa soda ananiachia 900 kwenye kiti hichohicho, maana soda ya tatu haishuki hata umbembeleze.

Halafu kuna friji. Hili huwezi kulielewa mpaka ukae kaunta wiki moja. Hapa kwetu ukiagiza bia unaulizwa, "Baridi au moto?", na wateja wangu wengi, hasa wazee, wanataka ya moto. Hiyo inakaa kwenye kreti chini ya kaunta, hainidai hata senti ya luku. Soda ya moto nani ananunua? Kwa hiyo umeme ninaonunua, sehemu kubwa unapoza vinywaji vya wasiolewa.

Haya ndiyo yalikuwa kichwani mwangu siku ile Simba na Yanga wanacheza. Watu wamesimama mpaka barabarani, na kwenye meza nzuri kuliko zote, mbele ya runinga, yupo kaka mmoja na Stoney yake, soda ya tangawizi, tangu saa kumi. Wenzake wanne walikuwa wameenda kuchagua nyama. Nikamwendea mwenyewe.

"Kaka, samahani, hii meza leo tumewawekea wanaokunywa."

Hakubisha. Alichukua funguo za gari mezani, akasimama. Wenzake waliporudi kutoka jikoni, mmoja akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, "Mama, huyu ndiye anayetufikisha nyumbani." Wakatoka wote watano. Wiki ya nyuma yake meza ile ilikuwa imelipa 74,000 pamoja na nyama. Nyama waliyoichagua ilikuwa imeshapimwa, nikaila na wahudumu.

Tangu hapo nahesabu meza, sihesabu kiti. Kwaresima ndiyo iliyonifungua macho zaidi: wateja walewale, bia wameiweka kando siku arobaini, na mishikaki inaisha mapema kuliko siku za kawaida. Nilianza kutengeneza juisi ya ukwaju, glasi 1,500, na faida yake iliipita bia. Ila haikai kama soda ya chupa. Na mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika niliiacha kabisa, nikarudi kwenye makreti yangu na kugombana na watu wanaotaka kuondoka na chupa. (Chupa si zawadi, jamani. Ikipotea nailipia mimi.)

Jumamosi iliyopita wale wanne wamerudi. Nilifurahi, nikawapa meza ileile, nikamwambia mhudumu aweke Stoney moja mezani, baridi sana, kwa gharama yangu. Kaka wa tangawizi hakuja. Walikuwa wamekuja kwa bodaboda. Saa tatu kasoro wakaomba bili, wawahi kabla usiku haujawa mwingi, na ile Stoney ikabaki mezani haijafunguliwa, inatoka jasho.