Siku moja kwenye meza ya fomu, Dodoma

Saa 1:00 asubuhi

Mashine ya kopi haijapata moto, na wateja wa kwanza wameshafika. Wengi wameteremka jana na basi la Chemba, Mpwapwa au Kongwa, wakalala kwa ndugu mjini ili wawahi foleni, maana ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 na kufungwa saa 9:30. Tukishaitikiana mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kazi ya steshenari inaanza, na haianzi na fomu. Kwanza mteja atoe kila karatasi aliyo nayo: cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha darasa la saba, cha kidato cha nne, kadi ya mpiga kura. Tunazipanga mezani na kusoma majina herufi kwa herufi, kisha tunayaandika yote kwenye karatasi moja, kila jina na hati lilikotoka.

Hapo ndipo tatizo linapoonekana. Esther, Ester na Esta ni binti mmoja kwa mama yake. Kwenye kompyuta ni watu watatu. Padri aliandika Yohana, mwalimu akaandika John. Karani alisikia L akaandika R. Jina la babu likaachwa kwenye cheti kimoja na kuongezwa kwenye kingine, au mama aliolewa akaanza kutumia jina la mume benki tu. Hakuna aliyedanganya hapo, ila anayelipa nauli ya kurudi tena mjini ni mwenye jina.

Kanuni yetu ni hii: tafuta hati iliyo ngumu kuliko zote kubadilika, hizo nyingine ziifuate. Kwa aliyesoma, mara nyingi ni cheti cha kidato cha nne, kwa sababu vyeti vya chuo hubeba jina lilelile. Kama bado huna cheti cha kuzaliwa na ndiyo unaomba ukubwani kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, hakikisha jina linaandikwa kama la shuleni. Ukiharakisha hapo, utakuwa umejiongezea jina la nne.

Saa 3:00

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo linganisha namba na cheti kabla ya kwenda popote: kama cheti kinasema 1987 na namba inaanza na 1978, simama hapo. Kosa la tarehe ni zito kuliko la herufi, kwa kuwa namba yenyewe imejengwa juu yake.

Kwa kusajili laini au kuomba TIN (namba ya mlipakodi), namba ya NIDA inatosha hata kama kadi haijatoka. Aliyeisahau huanzia *152*00# na kufuata menyu ya utambuzi, au huitafuta kwenye tovuti ya NIDA. Tovuti huuliza pia majina ya mama, na wengi hukwama hapo: unaandika Mariamu wakati kwenye fomu uliandika Maria. Ndiyo maana tunasisitiza kupiga kopi ya Fomu 1A, ile ya kuombea kitambulisho, kabla ya kuikabidhi. Ukiwa nayo, unajua ulichoandika.

Saa 4:30

Barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti hakai ofisini saa zote, hivyo ulizia kwanza kwa simu au kwa balozi wa nyumba kumi. Muhuri upite nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Tarehe iwepo. Jina liandikwe kama kwenye hati tuliyoichagua asubuhi, hata kama mtaani wanakuita baba fulani.

Saa 6:00 mchana

Vidole. Waliofyatua tofali, waliovunja kokoto, mafundi wa saruji na bibi zetu waliolima miaka yote hukataliwa na mashine ya alama za vidole. Mistari ya ngozi imelika, na hewa kavu ya Dodoma huongeza ukavu unaofanya kioo kisiione vizuri. Kinachosaidia ni kunawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kukausha, kisha kupaka mafuta kidogo sana na kuyafuta. Yakizidi, alama hugeuka doa. Bonyeza taratibu, kidole kilale bapa, usiegemeze ncha tu. Kikigoma, mwombe mhudumu ajaribu kidole kingine kabla hajakurudisha. Kama una siku mbili za kungoja, pumzisha mikono, usishike saruji.

Inauma kuona mzee aliyejenga nusu ya mji huu akiambiwa hasomeki.

Saa 8:00

Kiapo na dipoli, na hapa watu hupoteza fedha kwa kuchanganya. Kiapo, mbele ya wakili au hakimu, kinasema majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Hakibadilishi kitu kwenye mfumo. Dipoli ndiyo inayoacha jina la zamani na kuchukua jipya, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Uliza ofisi inayokudai inataka ipi kabla hujamlipa wakili. Kisha soma rasimu kabla ya kutia saini, maana tumeona kiapo cha kusahihisha jina kikizaa tahajia mpya. Kwenye mirathi, ambako jina la akaunti ya marehemu halifanani na cheti cha kifo, kosa hilo hugharimu miezi.

Tunaomba jambo moja kwa watu wa madirishani: unapomrudisha mtu, mwandikie kwenye karatasi kilichopungua. “Kuna shida ya jina, rudi kesho” haimsaidii mama aliyetoka Hombolo. Neno moja la kalamu lingempunguzia safari nzima.

Saa 9:30 alasiri

Madirisha yamefungwa, sasa ni mtandaoni. Tunaskani kila hati peke yake, pembe zote nne zionekane, na faili linapewa jina linaloeleweka. Likikataliwa kwa ukubwa, tunaskani upya kwa ubora wa chini kidogo. Picha ya simu iliyopigwa kwa pembeni haipiti. Namba ya malipo ya serikali ina ukomo, basi lipa siku hiyohiyo na uhifadhi ujumbe wa muamala.

Saa 11:00 jioni

Kila mteja anaondoka na bahasha ya kaki: hati halisi nyuma, kopi mbele, na juu kabisa ile karatasi ya majina. Akifika dirishani, aanze kwa kuionyesha hiyo.