Pilipili manga kwenye mteremko wa Ampuis

Kutoka Lyon hadi Vienne ni mwendo wa karibu nusu saa kwa treni, na Vienne sikukaa. Nililizunguka mara moja hekalu la Augusto na Livia, jengo la enzi za Warumi ambalo bado limesimama wima katikati ya mji, kisha nikakodi baiskeli, nikavuka mto Rhône na kushika njia ya kusini kuelekea Ampuis. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Ukungu ulikuwa mzito juu ya maji na upepo wa kaskazini ulipenya hadi ndani ya koti.

Nilikuwa nafuata kitu kimoja: mvinyo mwekundu wa zabibu ya Syrah ya ukanda wa baridi, iliyotoka kwenye shamba moja tu, niionje pale pale ilipozaliwa. Wengi wameizoea Syrah ya nchi za joto, ile nzito, tamutamu, yenye kileo kinachowasha koo, ambayo Australia huiita Shiraz. Nayo ina wapenzi wake. Lakini kwao zabibu hii ni bonde la Rhône, upande wa kaskazini. Uchunguzi wa vinasaba wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu mbili za kusini-mashariki mwa Ufaransa ambazo leo si wengi wanaozijua. Na hapa Côte-Rôtie, eneo la mvinyo la miteremko ya Ampuis, mzabibu huu uko ukingoni mwa uwezo wake. Kwa vizazi na vizazi, ukisogea kaskazini kidogo tu, Syrah ilikuwa haiivi.

Ampuis ni kijiji kilichobanwa kati ya mto na mlima. Ukiinua macho tu, unakutana na mizabibu imening'inia juu ya mapaa, matuta juu ya matuta, kila tuta limezuiwa kwa ukuta wa mawe. Mahali pengine mwinamo unazidi asilimia 60. Trekta haifiki huko. Kazi ni jembe, mgongo na winchi ya kuvutia mizigo. Katikati ya karne ya 20 wakulima wengi waliiacha miteremko hii wakahamia tambarare kulima matunda na mboga, kwa sababu mvinyo haukulipa jasho lake. Leo zaidi ya hekta 300 zimepandwa, na aliyesaidia sana kulirudisha jina la mahali hapa ni nyumba ya mvinyo ya Guigal, iliyoanza kutoa chupa za shamba mojamoja: La Mouline mwaka 1966, kisha La Landonne mwaka 1978.

Landonne ndiko nilikokuwa naenda, ila si kwa Guigal. Eneo lile limegawanyika kwa wakulima kadhaa, na mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja ambaye familia yake ina safu chache tu pale. Alinisalimia, akanitazama miguuni.

"Karibu, bwana. Hivyo viatu vitashika?"

Vilishika, kwa shida. Tulipanda kwa kupumzika pumzika, naye akiongea bila hata kuhema. Kila mzabibu umefungwa kwenye vigingi viwili virefu vilivyoegemeana na kukutanishwa kileleni, ili upepo usiung'oe na ili majani yapate jua kutoka kila upande. Ardhi yenyewe ni shisti, mwamba unaobanduka vipandevipande, mweusi kwa kahawia, wenye chuma ndani yake. Aliokota kipande akanipa. Hewa ilikuwa ya baridi ya kuuma vidole, ilhali lile jiwe lilikuwa na uvuguvugu kwa jua la saa chache tu za asubuhi. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekisoma bila kukihisi. Mto unapinda hapa, mteremko unatazama kusini-mashariki, jua la kwanza linaupiga moja kwa moja, na mwamba unaliweka joto hilo hadi jioni. Zabibu inaivishwa na jiwe, huku baridi inaichelewesha. Mvutano huo ndio wote unaouonja baadaye.

Nilimuuliza kuhusu pilipili manga, harufu inayoitambulisha Syrah ya baridi popote ilipo. Alionyesha kwa kidole safu za pembeni, zile ambazo kivuli cha mgongo wa mlima huzifikia mapema. Akasema pilipili inatoka kule zaidi, baba yake alikuwa anajua hivyo, naye pia. Watafiti wa Australia walikuja kukipata kiini chake na kukichapisha mwaka 2008: kinaitwa rotundone, kinakaa kwenye ganda la zabibu, na ni kilekile kinachoipa pilipili manga yenyewe harufu yake. Kiasi kidogo mno kinatosha, sehemu kumi na sita hivi za bilioni ya gramu ndani ya lita. Huwa kingi kwenye misimu ya baridi na kwenye vichala vya kivulini, na hata ndani ya shamba moja hutofautiana kutoka kona hadi kona. Cha ajabu, karibu mtu mmoja kati ya watano hakinusi kabisa. Kwa hiyo mkikaa mezani mmoja akasifu pilipili na mwingine akashangaa anasifu nini, wote wawili wanasema kweli.

Tukashuka kwenye ghala lake, chumba cha chini kwa chini chenye mapipa ya mwaloni, mengi yake makuukuu. Mapipa mapya, alisema, yanaongea kuliko shamba. Sheria za Côte-Rôtie zinaruhusu kuchanganya hadi asilimia 20 ya Viognier, zabibu nyeupe yenye manukato. Yeye pale Landonne haweki hata tone. Anachachusha sehemu ya vichala vikiwa vizima, pamoja na vikonyo vyake, basi.

Alifungua chupa mbili za safu zilezile: ya 2013 na ya 2015. Mwaka 2013 ulikuwa wa baridi, maua yalichelewa, na mavuno yakasogea hadi Oktoba. Mwaka 2015 ulikuwa wa joto na jua tele.

Ya 2013 mwanzoni ilikuwa imejifunga. Ghala lilikuwa la baridi mno, na mvinyo wa namna hii ukiwa chini sana ya nyuzi 15 huficha karibu kila kitu. Nilikumbatia glasi kwa viganja vyote viwili nikasubiri. Kwanza ukaja moshi, mwembamba. Kisha pilipili manga, ile ya kusagwa muda huohuo, kali puani lakini kavu na safi. Nyuma yake maua ya vayoleti, zeituni nyeusi, na kitu cha nyama iliyokaushwa. Matunda yalikuja mwisho. Mdomoni haukuwa mzito hata kidogo. Uchachu ulinyooka kutoka ncha ya ulimi hadi kooni, mate yakajaa, halafu tanini zikaacha ukakasi laini kwenye fizi, wa kukufanya utake fundo jingine. Dakika kadhaa baada ya kumeza, pilipili ilikuwa bado ipo.

Ya 2015 ilikuwa nzuri pia, tena ya kupendeza haraka. Nyeusi zaidi, imejaa matunda, imenona katikati ya ulimi. Pilipili ilikuwepo ukiitafuta. Shamba ni moja, mkono ni mmoja, mapipa ni yaleyale. Kilichobadilika ni joto la kiangazi kimoja. Kwangu mimi huo ndio utamu wa kuonja shamba moja: hakuna mchanganyiko wa kuficha tofauti, unaona kabisa mwaka ulivyoligusa lile jiwe.

Mzee aliipenda zaidi ya 2015. Alisema 2013 alilala na wasiwasi majuma mengi, anaogopa zabibu hazitaiva, na kila akiionja anakumbuka. Mimi nilishika ya 2013 na sikuiachia. Tulibishana kwa raha hadi chupa zikapungua. Siku hizi, aliniambia, wasiwasi umegeuka: mwaka 2022 mavuno ya bonde hili yalianza mwishoni mwa Agosti. Mwanawe ameacha kupunguza majani upande unaopigwa na jua la alasiri, ili vichala vibaki kivulini na pilipili isipotee. Mzee hajui kama hayo yatatosha, lakini zile safu za pembeni, alizokuwa akizilaumu zamani kwa kuchelewa kuiva, sasa ndizo anazozipogoa kwa uangalifu kuliko zote.

Niliondoka na chupa moja ya 2013. Ushauri wake ulikuwa nisiifungue karibuni, na siku nitakapoifungua niimimine kwenye jagi saa moja kabla, niiache ipate joto taratibu, kisha ninuse kwanza kabla ya kugusisha mdomo.